Toa "Nairobi" kwa Bio Yako

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio msiseme nimekuja hapa kuhubiria watu.

Miezi michache iliyopita klayenti alinipigia simu. Kazi safi: video tatu, pesa ya maana, na nusu yake wangetuma kabla sijaanza. Akaniuliza, "Uko wapi saa hii?" Nikajibu bila kupepesa jicho, "Niko tao." Akasema poa, basi tukutane Kilimani baada ya nusu saa tumalize hii maneno leo.

Unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa Limuru, nyuma ya nyumba ya shosho, nimevaa gumbuti na jaketi mbili, mkononi ndoo ya maziwa ya ndama. Ukungu ulikuwa mzito mpaka geti haionekani. Kutoka hapo mpaka Kilimani kwa nusu saa labda ningebebwa na malaika.

Nikamwambia niko kwa jamu. Baada ya saa moja nikamwambia jamu imezidi. Baada ya masaa mawili hakushika simu tena. Kazi ikaenda.

Nilikasirika wiki nzima. Nikalaumu Limuru, nikalaumu barabara, nikalaumu ndama. Halafu siku moja ikanigonga: kama ningesema "Niko Limuru, nipe masaa mawili ama tuonane kesho asubuhi," pengine huyo mama angekubali. Sikupoteza kazi kwa sababu ninaishi Limuru. Niliipoteza kwa sababu nilidanganya ninaishi wapi. Na nilidanganya kwa sababu bio yangu ilikuwa imeandikwa "Nairobi" tangu nikiwa kidato cha tatu, wakati hata Nairobi yenyewe nilikuwa nimeingia mara ngapi? Mara tano hivi, moja ikiwa ni kwenda kutoa jino.

Kwa hivyo hii ni yako wewe unayelala Limuru, Kikuyu, Juja, Kitengela, Ngong ama Tala, lakini ukiulizwa unatoka wapi unasema Nairobi. Ni yako pia wewe wa Mariakani unayejiita msee wa Mombasa, na wewe wa Ahero unayejiita wa Kisumu. Mimi ninasema hivi: tumegeuza miji yetu kuwa steji. Mahali pa kusimama ukingoja gari ya kukupeleka kwa maisha. Na steji hakuna mtu huijenga, hakuna mtu huipenda, na ikiuzwa hakuna mtu huilia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wenu mtaniambia "lakini Nairobi ndio kuna pesa."

Nilikuwa chuo Nairobi mwaka mmoja na nusu. Hosteli ilikuwa bei ya kuua mtu, kwa hivyo nilikuwa nakwenda na kurudi. Naamka saa kumi na dakika arobaini, bado giza, baridi ya Julai inakuuma mpaka kwa meno. Matatu asubuhi soo na hamsini, jioni watu wakiwa wengi inapanda mpaka mia mbili. Hiyo ni 350 kwa siku. Siku ishirini kwa mwezi ni shilingi 7,000. Masaa mawili kwenda kwa sababu Kangemi hapasogei, masaa mawili kurudi kwa sababu Kangemi bado hapasogei. Masaa manne mara ishirini ni masaa themanini kwa mwezi. Gawanya kwa ishirini na nne. Zaidi ya siku tatu nzima kila mwezi, usiku na mchana, nimekaa kwa kiti cha matatu goti likigusa kiti cha mbele, nikiangalia maisha ya watu wengine kwa simu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitawadanganya ati niliacha kwa sababu mimi ni kichwa kama wale wazungu wa kompyuta. Karo ilikuwa imebaki, mathe alikuwa amekopa chama mpaka chama kikamchoka, na mimi nilikuwa nalala darasani. Sijivunii. Lakini pia sijasahau kwamba nililipa Nairobi 7,000 kila mwezi kwa kazi ya kuchoka.

Sasa uliza swali ambalo hatuulizagi: Nairobi inatulipa nini?

Maana sisi tunailipa. Sukuma, kabichi na viazi zinashuka kutoka huku alfajiri wakati wewe wa Kileleshwa bado unakoroma. Maziwa ya chai yako ya saa nne huenda yalikamuliwa huku na shosho wa mtu. Majani chai yenyewe yalipandwa Kenya kwa mara ya kwanza hapa Limuru, mwaka wa 1903. Kiatu cha Bata ulichovaa shule ya msingi huenda kilitoka kiwanda cha hapa. Na sensa ya 2019 ilisema Nairobi ina watu 4,397,073, na kaunti iliyoifuata kwa wingi wa watu nchi nzima ni Kiambu, 2,417,735. Hao wote si wakulima, jamani. Wengi ni wewe na mimi: tunalala Kiambu, tunaamkia Nairobi.

Na Nairobi inatuletea nini? Jumamosi inatuletea watu wa kupiga selfi kwa shamba la majani chai, wanakula nyama choma, wanaandika "nimetoroka mji" na kurudi kabla giza. Jumatatu inatuletea mabroka wa ardhi. Basi. Sisi ndio wapishi wa hiyo nyumba, lakini mezani hatuna kiti, na vibaya zaidi tunajifanya ati sisi ni wageni waalikwa.

Haikuwa hivi kila wakati, na hii ndiyo sehemu inayoniuma.

Hapa Limuru kuna kijiji kinaitwa Kamirithu. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi aliyefariki Mei 2025 huko Marekani, alizaliwa hapo mwaka wa 1938. Mwaka wa 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mirii walikaa na watu wa kijiji wakatengeneza mchezo wa kuigiza kwa Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda. Waigizaji hawakuwa wasee wa chuo. Walikuwa wakulima, wachuma majani chai na wafanyakazi wa kiwanda. Jukwaa walijenga wenyewe, peupe, bila paa. Na watu walikodisha mabasi kutoka mbali kuja kuona. Skia hiyo tena: watu walipanda gari kuja Limuru kuona kitu cha maana, si kula mbuzi.

Serikali ilishtuka. Ilipiga mchezo marufuku mwaka huo huo, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka wa 1982 wakaja wakabomoa lile jukwaa lote. Hakuna serikali hutuma watu kubomoa mahali ambapo hapana maana. Walijua kitu ambacho sisi tumesahau: mji mdogo ukiamua kujiangalia wenyewe badala ya kuangalia Nairobi, unakuwa na nguvu.

Sasa aibu yangu ya pili. Shule niliyosoma, mpaka Kamirithu ni kutembea tu kwa mguu. Hii stori sikufunzwa huko. Niliipata kwa video ya jamaa fulani anayeishi Ujerumani, nikiwa na miaka ishirini, nimekwama Kangemi. Nikafika nyumbani nikamuuliza shosho, "Shosho, kumbe hapa kulikuwa na tamthilia?" Akaniangalia kama mtu ameuliza kama kulikuwa na mvua. "Nilikuwa naenda kila Jumapili," akasema. "Hata mazoezi yenyewe yalikuwa ya watu wote. Mtu akiigiza vibaya tunamwambia hapohapo, hapana, mwenye shamba hatembei hivyo." Nimeishi na huyu mama miaka ishirini. Sijawahi kumuuliza kitu, kwa sababu nilikuwa nimeamua hapa hakuna stori.

Na hapo ndipo tunafika kwa mambo ya shamba.

Shosho ana nusu ekari. Hati ina jina lake. Nusu ekari ukiikata kwa zile ploti za hamsini kwa mia ni ploti nne. Anko wangu anataka auze tatu. Ana sababu zake, sitamtukana hapa: ana watoto wa shule, ana deni, na broka anamletea namba ambazo hajawahi kuona maishani. Huyo broka nimemsikia akiongea. Hasemi chochote juu ya udongo, wala maji, wala ile michai ambayo shosho amechuma tangu kabla baba yangu azaliwe. Neno lake ni moja: "Hapa ni karibu na Nairobi." Ni kama bei yote ya jasho la shosho ni kwamba kuna mahali pengine, na hapa ni karibu na huko.

Ningependa kusema niliruka nikamfukuza. Lakini nilikuwa najua hayo maneno vizuri, kwa sababu niliwahi kuyasema mimi. Mwaka juzi kampuni ya kuuza ploti ilinilipa elfu tano nitengeneze video ya tangazo. Nilisimama kwa shamba ambalo majani chai yalikuwa yameng'olewa wiki hiyo hiyo, mizizi bado iko juu, nikatabasamu na kusema, "Dakika arobaini tu kutoka tao!" Dakika arobaini. Saa tisa usiku labda, ukiendesha kama unakimbiza mwizi. Kuna mtu aliamini hiyo video akanunua. Leo anaamka saa kumi na dakika arobaini kama mimi, na ninatumaini hajui sura yangu.

Tena, nikiwa mkweli kabisa: wakati huo shosho angeuza, ningetaka mgao wangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kamera mpya, na bedsita Roysambu, nikae "Nairobi" kama bio inavyosema. Ningebadilisha kitu cha miaka hamsini na kodi ya miezi kumi.

Tulikaa kikao cha familia. Anko akaongea, broka naye akapewa nafasi kama mtu wa nyumba. Shosho alinyamaza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja, si kwa anko, kwa sisi wajukuu: "Nairobi ikiwachoka, mtarudi wapi?" Hakuna aliyejibu. Sisi wote sita tulikuwa tumeshika simu.

Ardhi ya kilimo Kenya haiuzwi hivi hivi. Lazima bodi ya ardhi itoe kibali, na hapo ndipo familia inaweza kusimama na kuongea. Mpaka leo shosho hajatia sahihi. Sijui kama hatatia. Anko ana presha na shosho ni mzee. Lakini nilimwambia siku akiitwa kwa bodi, nitakuwa nimekaa kando yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeweka ahadi juu ya Limuru.

Sasa najua mnachoandika tayari.

"Rahisi kwako, unafanya kazi na simu." Kweli. Aliye na kazi ya Industrial Area saa mbili asubuhi hawezi kufanya kama mimi. Lakini mimi sijasema usiende Nairobi. Mimi mwenyewe ninaenda kila wiki. Ninachosema ni: nenda kama mtu anayeenda kazi, rudi kama mtu anayerudi nyumbani. Mama mboga wetu anaenda soko la Nairobi usiku, anauza, anarudi. Hajawahi kujiita wa Nairobi hata siku moja. Anajua anatoka wapi, ndio maana anajua bei.

"Huko ni boring." Kweli pia. Ikifika saa mbili usiku hakuna kitu isipokuwa baa na mahali pa kubeti. Na kwa wasichana ni mbaya zaidi, kwa sababu giza likiingia ile njia ya kutoka steji haina taa, na asubuhi mtaa mzima unajua ulishushwa na gari gani. Dada yangu alihama kwa sababu hiyo, na simlaumu. Lakini nani aliamua isiwe na taa?

Soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Masoko ni kazi ya kaunti. Taa za barabarani, kaunti. Maktaba, kaunti. Michezo na burudani, kaunti. Yaani hii boring yetu ina ofisi, ina bajeti, na ina MCA anayekula mshahara. Kuna vikao vya umma ambapo wananchi wanaulizwa wanataka nini. Nilienda kimoja mwaka huu, saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwa ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye nilikuwa mdogo kuliko wote. Wazee waliomba josho la ng'ombe. Akina mama wa chama waliomba choo cha soko. Mzee mmoja aliomba daraja, akaeleza vizuri sana mpaka nikataka hilo daraja. Hakuna aliyeomba maktaba. Hakuna aliyeomba taa ya njia ya steji, wala uwanja, wala chumba chenye intaneti ambapo mtu anaweza kusoma ama kufanya kazi.

Na usiwalaumu wazee. Wazee walikuja. Wenye kuomba maktaba walikuwa Kangemi, kwa matatu, wakiandika "Limuru imekufa."

Nilisimama nikaomba taa. Mwenye kuandika akaniuliza jina na wadi yangu ya kupigia kura. Hapo ndipo aibu ya tatu ikanipata. Kura yangu iko Nairobi. Nilijisajili nikiwa chuo, kwa sababu nilijiona wa huko. Kwa hivyo nilikuwa nimesimama mbele ya shosho za watu nikiomba taa kwa mji ambao hata kura sijaupa. Yule karani hakusema kitu. Aliandika tu. Lakini mimi nilikaa chini.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Kuhamisha kura inawezekana, na mimi ninaihamisha. MCA wetu anahesabu vijana wa hapa kwa kura, si kwa kelele. Sasa hivi hesabu inamwambia wazee wako na vijana hawako, kwa hivyo josho litajengwa na njia ya steji itabaki giza. Ningekuwa yeye, hata mimi ningefanya hivyo.

"Nairobi ndio kuna koneksheni." Koneksheni gani? Miaka miwili niliyojifanya wa Nairobi, kontenti yangu ilikuwa nini? Kahawa za watu nisizoweza kununua, lifti za majengo nisiyofanya kazi, kepsheni za kuiga. Kila msee ana hizo. Video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo ni ile shosho anaeleza venye walikuwa wanarekebisha waigizaji Kamirithu. Nilipiga na simu jikoni, moshi umejaa, kuku anapita nyuma. Watu wa Limuru walioko Marekani na Uingereza waliniandikia wakilia. Hakuna mtu amewahi kulia juu ya kapuchino yangu.

Kwa hivyo ninaomba mambo manne, na yote ni ya bure.

Moja, toa Nairobi kwa bio. Andika mahali unalala. Utaona vile mkono unatetemeka, na huo mtetemeko ndio shida yenyewe.

Mbili, hamisha kura yako mpaka mahali giza linakupata.

Tatu, muulize shosho wako, guka wako, mathe wako, hapa kulikuwa na nini. Si ati kwa kontenti. Uliza tu. Hao watu hawatakuwa hapa milele, na hawatajiweka kwa TikTok.

Nne, broka akikuja kwenu na neno lake la "karibu na Nairobi," kaa kwa hicho kikao bila simu. Hata kama mwishowe mtauza, na kuna familia lazima ziuze, hiyo najua, msiuze kwa sababu hakuna mtoto aliyesema anapataka.

Yule klayenti wa Kilimani hakurudi. Lakini wiki iliyopita alinipigia mwingine. "Uko wapi?" Nikameza mate. "Limuru." Akanyamaza kidogo. "Hiyo si ni Nairobi?"

Nikamwambia, "Hapana. Ni mahali pengine. Nikuje kesho saa tatu, ama wewe uje huku?"

Akasema nije. Sawa. Siku moja nao watakuja. Walishawahi.